Ngoma za Gemu za 1997 Hadi 1999 Bado Zinapiga, Lakini Nani Anakula?

Kama ulicheki The Super Mario Bros. Movie ilipotoka 2023, unakumbuka pale Donkey Kong anaingia uwanjani na umati wote unapagawa. Ngoma inayopigwa hapo ni DK Rap. Si ngoma mpya, wasee. Ilitungwa na Grant Kirkhope, mzae mmoja wa Uingereza, kwa gemu ya Donkey Kong 64 iliyotoka 1999. Hiyo muvi ikaenda ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani.

Kirkhope alisema wazi mtandaoni kwamba alikuwa anangoja kwa hamu kuona jina lake mwisho wa muvi, pale majina yanapita. Halikupita. Iliandikwa tu kwamba ngoma imetoka kwa Donkey Kong 64. Yaani gemu ilipewa heshima, msee aliyekaa chini akaitunga akalengwa.

Unaweza sema hiyo ni stori ya wazungu na katuni zao, wewe inakuhusu na nini? Ngoja kwanza. Ngoma za gemu za mwisho wa miaka ya tisini zinarudi kila mahali saa hii. Ziko kwa muvi, ziko kwa kumbi za okestra, ziko kwa apu za simu, ziko kwa gemu za zamani zilizotengenezwa upya. Na kila zikirudi, swali ni lile lile: hii ngoma ni ya nani?

Mimi nasema hivi. Ukali wa ngoma ndio ulifanya tuikumbuke. Lakini karatasi iliyosainiwa siku ile ndiyo inaamua kama ngoma itaishi, na nani atakula ikiishi. Ile miaka mitatu, 1997 hadi 1999, ndiyo darasa safi kabisa la hii kitu. Na kama wewe ni prodyuza umejifungia kwa bedsita unapika biti, hili darasa ni lako.

CD ilibadilisha kila kitu

Gemu za kitambo zilikuwa zinaimba kwa chipu ndogo ndani ya mashini. Ile ngoma ya Super Mario Bros. kila mtu anaijua, ya 1985, ilitungwa na Koji Kondo wa Nintendo. Chipu yake ilikuwa na sauti chache sana. Ni kama umepewa filimbi mbili, besi moja na debe, alafu unaambiwa ubambe dunia nzima. Na alibamba.

Sony wakatoa PlayStation kule Japani Desemba 1994, na gemu zake zikakuja kwa CD. CD moja inabeba karibu megabaiti 650. Kwa wakati huo hiyo ilikuwa nafasi kama uwanja wa Kasarani. Ghafla mtunzi wa muziki wa gemu akawa na njia mbili mbele yake.

Njia ya kwanza: rekodi ngoma nzima studio, iweke kwa CD venye iko. Wipeout 2097 ya 1996, ile ya mbio za ndege za kesho, ilifanya hivyo. Ukichukua CD ya hiyo gemu ukaiweka kwa redio ya kawaida ya CD, ngoma zinapiga bila hata PlayStation kuwa hapo. Na hazikuwa ngoma za mchezo. The Prodigy walikuwa ndani, The Chemical Brothers walikuwa ndani. Hao ni wasee waliokuwa wanajaza klabu za Uingereza wakati huo huo.

Njia ya pili: usirekodi ngoma. Andika noti, alafu uache mashini yenyewe izipige gemu ikiendelea. Chipu ya sauti ya PlayStation ilikuwa na uwezo wa kupiga sauti 24 kwa wakati mmoja, lakini kumbukumbu yake ya sauti ilikuwa kilobaiti 512 peke yake. Picha moja unayopiga leo na simu yako ni kubwa kuliko hiyo. Vinanda vyote, ngoma zote na filimbi zote za sehemu moja ya gemu zilipaswa kujikunja ziingie hapo.

Sasa kwanini msee achague kujibana hivyo na CD iko na nafasi yote hiyo? Kuna sababu mbili. Moja, kisoma CD kikiwa bize kupiga ngoma, hakiwezi wakati huo huo kwenda kuchota picha na ramani za gemu. Mbili, ngoma iliyorekodiwa imeshaganda. Haiwezi kukufuata. Ngoma ya noti unaweza kuiongezea kasi, ukatoa ngoma za kupiga, ukabadilisha kinanda kikawa filimbi, yote hayo mchezaji akiwa bado anatembea.

Hapo ndipo kambi zikagawanyika. Wengine wakatunga, wengine wakakodi.

Waliotunga

Final Fantasy VII ilitoka 1997 kutoka Square ya Japani. Mtunzi alikuwa Nobuo Uematsu, na huyu msee hakusomea muziki. Alijifunza mwenyewe. Alikuwa anafanya kazi kwa duka la kukodisha muziki wakati mtu wa Square alimuuliza kama anaweza tunga ngoma za gemu. Sisi tulioacha chuo tunapenda sana hii stori, lakini tulia kidogo: Uematsu alimaliza chuo, ni vile tu hakusomea muziki huko.

Uematsu alichagua njia ya chipu, gemu isikuwe inasimama simama kupakia vitu. Kwa hiyo ukiskia ngoma ya Aerith, ile inapiga kwa upole msichana akifa na hujui kama unalia ama ni vumbi, jua hiyo huzuni yote ilitoka kwa zile kilobaiti 512. Ngoma ikaanza kupiga, na hata vita iliyofuata hapo hapo haikuikatiza. Kawaida vita ilikuwa na ngoma yake ya kasi. Hapa wakaacha ya Aerith iendelee. Watu walicheza wakipigana na machozi.

Alafu mwisho kabisa akaleta One-Winged Angel, ya adui mkuu Sephiroth. Aliweka kwaya ya binadamu wa ukweli wakiimba Kilatini. Gemu za Final Fantasy zilizotangulia hazikuwa na sauti za watu wakiimba hivyo. Hukuwa unaelewa neno hata moja, lakini ulikuwa unajua umeisha.

Mwaka uliofuata, 1998, Kondo akarudi na The Legend of Zelda: Ocarina of Time kwa Nintendo 64. Nintendo walikataa CD, wakabaki na katriji, na hii ilikuwa ya megabaiti 32. Kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kurekodi albamu nzima. Kondo akafanya nini? Akampa mchezaji filimbi. Vitufe vitano, noti tano. Ukitaka usiku ukuwe mchana, unapiga wimbo. Ukitaka farasi wako aje, unapiga wimbo. Mtoto wa miaka tisa alikuwa anakariri nyimbo na vidole bila kujua anafunzwa muziki.

Na ukitembea kwa ile nyasi kubwa ya Hyrule, ngoma haikuwa moja inayojirudia mpaka ikuchoshe. Kondo aliandika vipande vifupi, na mashini inavichanganya kwa mpangilio tofauti kila saa. Adui akikaribia, vipande vinakuwa vya hatari. Ukisimama tu bila kufanya kitu, ngoma inatulia nawe. Hiyo ni 1998, maze.

Kirkhope mwenyewe, huyo wa DK Rap, mwaka huo huo alikuwa amefanya Banjo-Kazooie. Ukiingia majini, ngoma ile ile inabadilisha vyombo inakuwa ya majimaji. Ukitoka, inarudi. Haikatiki hata sekunde. Mwaka mmoja nyuma alikuwa amesaidia kutunga GoldenEye 007 pamoja na Graeme Norgate na Robin Beanland. Msee alikuwa moto.

Usisahau wamama wa hii kazi, ju huwa wanasahaulika. Michiru Yamane alitunga Castlevania: Symphony of the Night ya 1997, na mle ndani utaskia roki, kinanda cha kanisa na jazi zikiishi nyumba moja bila kugombana. Yoko Shimomura alitunga Parasite Eve ya 1998, akachanganya opera na biti za kompyuta, gemu ikawa inatisha na inapendeza kwa pamoja. Mwaka wa 2025, BAFTA ya Uingereza ilimpa Shimomura heshima yake ya juu zaidi upande wa gemu.

Na 1999 Akira Yamaoka akatupea Silent Hill. Huyo hata hakutaka ikuwe ngoma tamu. Chuma inagongana, mashini inalia, kitu kinakwaruza ukutani. Ukiskia, unataka kuwasha taa zote za keja. 2024 walipotengeneza upya Silent Hill 2, walimrudisha Yamaoka mwenyewe, ju hakuna mwingine anaweza kukutisha na mlio wa bomba.

Waliokodi

Kambi ya pili ilisema: kwanini utunge na kuna ngoma kali tayari huko nje? Lipa mwenyewe, weka kwa gemu.

FIFA: Road to World Cup 98, iliyotoka 1997, ukiifungua tu unakutana na Song 2 ya Blur. Mwaka uliofuata FIFA 99 ikaja na Fatboy Slim. Hapo ndipo ile tabia ilijijenga ya watu kungoja orodha ya ngoma za FIFA kila mwaka kama vile wanangoja albamu. Leo EA inaiita EA Sports FC, lakini ukiingia kibanda cha PS mtaani ulipe mbao zako mechi moja, bado utapata msee anaimba ngoma ya menyu na hajui hata msanii ni nani.

Gran Turismo ilitoka Japani Desemba 1997. Wajapani wakapewa ngoma ya mwanzo ya gitaa iliyotungwa na Masahiro Andoh. Gemu ilipoenda Ulaya na Marekani 1998, mwanzo ukabadilishwa. Wakawekewa rimiksi ya The Chemical Brothers ya ngoma ya Manic Street Preachers. Gemu ni ile ile, gari ni zile zile, lakini mtoto wa Tokyo na mtoto wa London hawana kumbukumbu moja.

Alafu Tony Hawk's Pro Skater, 1999. Gemu ya kuteleza na ubao, dakika mbili kila raundi, na nyuma kuna Dead Kennedys, Goldfinger, Primus. Kuna kizazi kizima cha Wamarekani kilijua muziki wa panki kupitia hiyo gemu. Hizo bendi hazikuwa zinapigwa kila saa redioni. Gemu ikawa redio yao.

Hii njia iko na utamu wake. Msanii anabaki na ngoma yake, anabaki na jina lake, analipwa ya kukodisha, na watoto milioni kadhaa wanamjua. Mbaya iko wapi?

Mbaya ni kwamba nyumba ya kukodi mwenye nyumba anaweza kukutoa.

Kukodi kuna tarehe ya mwisho

Cheki GTA IV. Ilitoka 2008 na redio zimejaa ngoma zilizokodiwa. 2018 ikifikisha miaka kumi, leseni za baadhi ya ngoma zikaisha. Rockstar wakatoa masasisho, na hizo ngoma zikatolewa kwa gemu. Stesheni ya Warusi ya Vladivostok FM ndiyo iliumia zaidi. Umenunua gemu, umelipa pesa yako halali, alafu siku moja unaingia kwa gari unapata redio imebadilika.

Sasa linganisha na GTA ya kwanza kabisa, ya 1997. Hiyo ilitengenezwa na DMA Design huko Dundee, Uskoti. Ilikuwa na redio pia, lakini ngoma zake zilitungwa na wasee wa ndani wa kampuni, wakajifanya bendi za kubuni. Hapakuwa na mwenye nyumba wa kugonga mlango na kusema kodi imeisha.

Tony Hawk nayo iliguswa. Ile ya kwanza na ya pili ziliporudishwa 2020, ngoma karibu zote za zamani zilirudi na watu wakafurahi kweli. Lakini ya tatu na ya nne ziliporudishwa Julai 2025, nyingi za ngoma za zamani hazikuwemo, zikaingia zingine. Mashabiki walipiga kelele, na unawaelewa. Kwao hiyo ngoma na ule mruko ni kitu kimoja. Ukitoa moja, nyingine inabaki kiwete.

Sasa rudi kwa Final Fantasy VII. Square, ambayo siku hizi ni Square Enix, inamiliki ngoma za Uematsu. Ilipotengeneza gemu upya, Final Fantasy VII Remake ikatoka Aprili 2020 na ngoma zile zile zikiwa zimepangwa upya na okestra. Ikashinda tuzo ya muziki bora kwa The Game Awards. Sehemu ya pili, Rebirth, ikatoka Februari 2024, ikashinda tena tuzo hiyo hiyo mwisho wa mwaka. Yaani melodia nyingi za 1997 zimerudi ulingoni zikapiga ngoma mpya za 2020 na 2024. Hakuna mtu alihitaji kuomba ruhusa kwa mtu.

Kwa hiyo kama swali ni ngoma gani inaishi, jibu liko wazi. Ile iliyotungwa kwa ajili ya gemu na kumilikiwa na wenye gemu inaishi muda mrefu. Lakini hilo ni nusu ya swali.

Ngoma inaishi, mtunzi je?

Mwisho wa Oktoba 2024, Nintendo walizindua apu yao ya Nintendo Music, ya wale wanaolipia huduma yao ya mtandaoni. Ngoma za Ocarina of Time zilikuwa ndani siku ya kwanza. Unaweza hata kurefusha ngoma ipige dakika nyingi ukisoma ama ukilala. Apu poa kabisa. Lakini watu walipoifungua wakatafuta nani alitunga nini, hawakupata majina ya watunzi. Kuna jina la gemu, kuna picha ya gemu, hakuna jina la binadamu.

Fikiria hilo. Mwaka huo huo wa 2024, Februari, Koji Kondo aliingizwa kwa ukumbi wa heshima wa wataalamu wa gemu wa Marekani, wale wa tuzo za DICE. Alikuwa mtunzi wa muziki wa kwanza kuingia. Nje anapigiwa makofi, lakini kwa apu inayouza ngoma zake jina lake halipo.

Sasa changanya hiyo na Kirkhope na utaona picha nzima. Kuna njia ya kukodi, ambapo msanii anabaki na mali yake lakini ngoma inaweza kung'olewa. Na kuna njia ya kuajiriwa, ambapo ngoma inaishi milele lakini mtunzi alishaiuza siku ya kwanza, na wakati mwingine hata jina linaenda nayo.

Tuwe wakweli na kampuni pia. Hao watunzi wengi walikuwa na mshahara kila mwezi, gemu ikiuza ama isipouza. Gemu ikianguka, kampuni ndiyo inapata hasara, si mtunzi. Kama kila ngoma ya gemu ingekuwa na wenyewe watano wa kuombwa ruhusa, Rebirth pengine haingetoka hata leo. Mimi naelewa hiyo hesabu. Na msee aliyepewa mshahara mzuri akasaini akijua, hajaibiwa.

Lakini jina halina gharama. Kuandika maneno mawili, Grant Kirkhope, mwisho wa muvi ya mabilioni hakupunguzi hata senti moja. Na kwa mtunzi, hayo maneno mawili ndiyo kazi inayofuata. Mtu anaskia ngoma, anaona jina, anatafuta namba. Ukitoa jina umemkata msee miguu, hata kama ulimlipa.

Kuna waliojipanga mapema. Uematsu alitoka Square 2004 akaanzisha kampuni yake, akawa anafanya kazi kwa masharti yake na bado anaitwa kila mara Final Fantasy ikihitaji roho. Na kuna kesi moja inatuhusu sisi moja kwa moja.

Mwaka wa 2005 ilitoka gemu ya Civilization IV, na ngoma yake ya mwanzo inaitwa Baba Yetu. Ndiyo, kwa Kiswahili. Ni sala ya Baba Yetu. Muziki ulitungwa na Mmarekani Christopher Tin, na maneno ya Kiswahili yana jina la Chris Kiagiri, Mkenya. Miaka ya tisini ilikuwa imeshafungua huo mlango: Final Fantasy VII iliimba Kilatini, na Metal Gear Solid ya 1998 ilifunga na wimbo wa Kiairishi. Sasa zamu ikawa yetu. Tin akairekodi upya kwa albamu yake ya 2009, Calling All Dawns, na 2011 hiyo rekodi ikashinda Grammy. Ilikuwa mara ya kwanza ngoma iliyotoka kwa gemu kushinda Grammy. Cheki venye ilifika hapo: kupitia albamu iliyo na jina la mtunzi mbele. Kategoria ya Grammy ya muziki wa gemu pekee ilikuja kuanza 2023.

Kumbe hata sampuli inaweza kukurudia

Kabla tuje nyumbani, iko stori nyingine ya Ocarina of Time. Kuna hekalu la moto ndani ya hiyo gemu, na kwa matoleo ya kwanza ngoma yake ilikuwa na sauti za watu wakisoma maneno ya ibada ya Kiislamu. Zilitoka kwa mkusanyiko wa sampuli za kuuzwa, zile prodyuza yeyote angeweza kununua. Nintendo walikuwa na sera ya kutoweka mambo ya dini kwa gemu zao, kwa hiyo kwa matoleo ya baadaye hizo sauti ziliondolewa zikawekwa zingine.

Kampuni kubwa kama hiyo, na sampuli bado ilipenya. Sasa wewe unayeshusha sampuli za bure usiku wa manane, unajua sauti iliyo ndani inasema nini na ni ya nani? Mteja akikuuliza, utamjibu aje?

Sasa wewe prodyuza wa hapa

Tuseme kesho msee anakupigia. Ako na gemu ya simu, ama tangazo, ama sirizi ya mtandaoni, anataka ngoma tano. Anakupea doo mkononi na mnapigana tano. Hakuna karatasi. Ngoma ni za nani?

Watu wengi mtaani watakuambia ni zako ju wewe ndiye uliipika. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 haisemi hivyo. Kifungu cha 31 kinasema haki inaanza kwa mtunzi, lakini kazi ikiwa imeagizwa na mtu ama umeifanya ukiwa umeajiriwa, haki inachukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza ama aliyekuajiri. Isipokuwa mmekubaliana vingine. Soma tena hapo. Ukinyamaza, mteja ndiye anabeba. Kunyamaza kwako ndiyo saini.

Lakini kifungu cha 32 ndicho kizuri. Kinasema hata ukiwa umeuza haki za pesa, haki ya kutambuliwa kama mtunzi inabaki yako. Kwa hiyo mteja akitoa kazi yako na kufuta jina lako, iko kitu cha kusimamia.

Kwa hivyo kabla ufungue kompyuta, andikeni haya, hata kwa ukurasa mmoja. Moja: ngoma ni ya nani, unauza kabisa ama unakodisha? Mbili: kama unakodisha, ni ya miaka mingapi na ya kutumika wapi, gemu peke yake ama na muvi na matangazo pia? Tatu: ikitengenezwa tena upya kesho, unalipwa tena ama hapana? Nne: jina lako linaandikwa wapi na linaandikwa vipi? Alafu wote wawili mnasaini, kila mtu anabaki na nakala.

Mteja akikuambia hana wakati wa hayo mambo, muulize hivi: yeye mwenyewe akiuza gemu yake, huwa anauza bila karatasi?

Kuuza si dhambi. Kama doo ni nzuri na unajua unauza, uza, lipa keja, songa mbele. Kondo amekaa Nintendo tangu 1984 na hakuna mtu anamwita mjinga. Kitu mbaya ni kuuza bila kujua umeuza, alafu uskie ngoma yako kwa muvi miaka ishirini na nne baadaye, umekaa hapo unangoja jina lako, na taa za ukumbi zinawaka.

Wikendi hii weka headifoni, tafuta ngoma ya Aerith, tafuta Hyrule Field, tafuta Silent Hill ukiwa na roho ngumu. Na ukimaliza kila moja, tafuta jina la aliyeitunga, uliseme kwa sauti.